Kitabu cha sauti kwa hela yako mwenyewe: maswali ninayoulizwa kila mara

Nina riwaya sita, nne zina toleo la sauti, na zote nne nimelipia mwenyewe, hakuna mchapishaji wala mfadhili nyuma yangu. Maswali ni yaleyale kila wiki nikaona bora niyaweke sehemu moja nipumue. Majibu ni ya mtu aliyekosea kwanza ndo akajua, kama wewe ulipita njia nyingine ikakulipa sina ugomvi.

Inagharimu kiasi gani kwa riwaya moja?

Jibu langu huwa linakera watu: niambie kwanza kitabu kina maneno mangapi. Kwenye hii kazi bei haipangwi kwa kitabu wala kwa siku, inapangwa kwa saa iliyokamilika, yaani saa moja ya sauti safi ambayo msikilizaji ataisikia, siyo saa ambazo msimulizi kakaa mbele ya maiki. Riwaya za Kiingereza zinakadiriwa maneno 9,000 na kidogo kwa saa, kwa hiyo maneno 80,000 yanakaribia saa 9. Sasa ukiichukua hesabu hiyo ukaileta kwenye Kiswahili itakudanganya vibaya, maana neno letu moja linabeba sentensi, "hawakumwambia" ni neno moja ila lina silabi sita na Mwingereza angetumia maneno matano hapo. Fanya hivi: chukua kurasa kumi za katikati (siyo za mwanzo, za mwanzo wote tumezipiga pasi), zisome kwa sauti kwa mwendo wa kumsimulia mtu aliyekaa mbele yako, pima dakika, hesabu maneno, af piga hesabu ya kitabu kizima. Riwaya yangu ya pili niliikadiria saa 8 kwa kukopi hesabu ya Kiingereza, ikatoka saa 10 na dakika 40, na hizo saa mbili na ushee nililipia kwa hela ambayo haikuwepo.

Halafu jua kwamba nyuma ya saa moja iliyokamilika kuna kazi ya kama saa 6: kurekodi saa mbili hivi, kuediti tatu, na kusikiliza upya na maandishi mkononi saa moja na kitu. Kwa hiyo mtu akikutajia bei yake usishtuke ukaanza kusema anakuibia, igawe kwa sita kwanza uone analipwa nini kwa saa.

Hela ya kuanzia naitoa wapi?

Mi hela ya kitabu cha kwanza cha sauti ilitoka kwenye mauzo ya maandishi ya vitabu vitatu, niliiweka akaunti ya pembeni miezi 14 bila kuigusa. Inachosha kusikia lakini hiyo ndo njia ambayo haina mtu wa kukudai. Kitabu kilichofanya vizuri kinamsomesha mdogo wake, af mdogo akikaa sawa anamsomesha anayefuata.

Njia ya pili watu wengi hawaiulizi kabisa: omba kulipa kwa awamu. Wasimulizi wengi wanakubali ukiwaambia mapema na ukiandika, mfano theluthi ukisaini, theluthi ya pili kitabu kikifika nusu, theluthi ya mwisho kabla ya kukabidhiwa mafaili. Wanachokichukia ni kuambiwa "nimepungukiwa kidogo" wakati kazi imeshaisha.

Ya tatu ni kuchangisha mtandaoni. Kickstarter ndo jina kila mtu analijua, na utaratibu wake ni kupata yote au kukosa yote, usipofikisha lengo wachangiaji hawakatwi hata senti na wewe hupati kitu. Ukifikisha wao wanachukua asilimia 5 na juu yake kuna makato ya malipo yenyewe, kwa hiyo usiweke lengo sawasawa na bajeti ya studio, utajikuta umefanikiwa na bado una pengo. Angalia pia kama nchi unayoishi ipo kwenye orodha yao, siyo zote zinaruhusiwa kuanzisha kampeni. Kizuri cha sauti ni kwamba zawadi ya mchangiaji ni faili, hakuna bahasha wala posta, waandishi wengi walioahidi vitabu vya karatasi hela yao imeishia kwenye kusafirisha. Na tafadhali msiniletee habari ya Brandon Sanderson, yule mwandishi Mmarekani, kukusanya zaidi ya dola milioni 41 pale mwaka 2022, yule alikuwa na wasomaji wa miaka na miaka kabla hajabonyeza kitufe. Kampeni haileti wasomaji, inawakusanya ulionao.

Mkopo? Kwa kitabu cha sauti cha kwanza, hapana. Soma swali linalofuata utaelewa.

Hela inarudi baada ya muda gani?

Tuweke namba, hela yoyote unayoijua wewe. Tuseme saa moja iliyokamilika ni 100, kitabu ni saa 9, hiyo 900. Jalada la mraba na marekebisho madogomadogo 100. Jumla 1,000. Kila nakala ikiuzwa, baada ya duka kukata chake, unabaki na 2. Basi unatakiwa kuuza nakala 500 ili urudi ulipoanzia, bado hujala faida hata ya soda. Sasa nenda kaangalie hicho kitabu kiliuza nakala ngapi za maandishi mwaka uliopita. Kama ni 120, na ukajua kwamba wanaonunua sauti kwa mwandishi wa kawaida ni wachache kuliko wanaonunua maandishi, unaona mwenyewe safari ilivyo ndefu.

Ya kwanza yangu ilirudisha hela baada ya miaka miwili na miezi miwili. Ya tatu miezi saba tu. Tofauti siyo ubora, ni kwamba ya tatu ilikuwa sehemu ya pili ya mfululizo na waliosikiliza sehemu ya kwanza walikuwa wananisumbua. Kwa hiyo ukiniuliza uanze na kitabu gani, anza na kinachouza tayari na chenye ndugu nyuma yake, siyo kile unachokipenda wewe. Hata mimi kile ninachokipenda hakina sauti mpaka leo na roho inaniuma.

Kuna mtu kaniambia tusilipane, tugawane mapato. Nikubali?

Hii ndo inayopokea watu wengi wasio na hela. ACX, ile huduma iliyoanza 2011 ya kukutanisha waandishi na wasimulizi, ya Audible (duka la vitabu vya sauti la Amazon), iliifanya ikawa kawaida: msimulizi anafanya kazi yote bure, mkianza kuuza mnagawana nusu kwa nusu. Kwa miaka mingi mwenye kitabu alikuwa anapata asilimia 40 ya mauzo kama anawapa wao peke yao na 25 kama anauza na kwingine, na kwenye kugawana ile 40 ilikuwa inakatwa katikati, kila mmoja 20. Na ukichagua kugawana umefungwa nao peke yao miaka 7. Huwezi kupeleka kwingine, huwezi kusema basi nimepata hela sasa nakulipa uondoke, labda msimulizi mwenyewe akubali mvunje. Tena kujiunga kwenyewe ni kwa wakazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ayalandi, wengine tunaangalia kwa dirisha.

Nikwambie upande wa msimulizi pia kwa sababu hatuupigii hesabu. Kitabu cha saa 9 kwake ni saa zaidi ya 50 za kazi, af anategemea wewe ujue kukitangaza. Msimulizi mzuri ameshaumwa na hilo mara mbili tatu, hakubali tena mpaka aone kitabu kinauza. Anayekubali haraka bila kuuliza chochote mara nyingi ndo anajifunza, na anajifunza kwenye kitabu chako. Siyo dhambi, ila jua unachonunua, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna njia ya kati ambayo mimi naipenda: unalipa kiasi kidogo kwa saa, tuseme cha kumlipa mtu wa kuediti, halafu mnagawana kinachobaki. Msimulizi hatoki mikono mitupu na wewe huhangaiki na bajeti nzima.

Niuze duka moja tu au kila mahali?

Ukiwa peke yako na duka moja asilimia ni kubwa na kazi ni ndogo. Ukienda kila mahali unapitia msambazaji, anakata chake, anakupeleka kwenye maduka na maktaba kibao. Mi niko kila mahali, na sababu yangu siyo hesabu, ni uoga. Mwaka 2020 waandishi waligundua kwamba vitabu vya sauti vilivyorudishwa kwa Audible vilikuwa vinakatwa kwenye mapato yao, mtu kasikiliza mpaka mwisho karudisha, na kwenye ripoti ilikuwa haionekani wazi kwa sababu ulikuwa unaona tu mauzo yaliyobaki baada ya kutoa zilizorudishwa. Kelele zikapigwa, ndo kuanzia Januari 2021 wakasema nakala ikirudishwa baada ya siku 7 mwandishi analipwa. Ukiwa na kikapu kimoja mambo kama hayo yanakukuta umelala.

Pia kumbuka kwenye ACX bei hupangi wewe, duka linapanga, na kwa kawaida wanaangalia urefu wa kitabu. Kwa mwandishi aliyezoea kushusha bei wikiendi ili kupandisha mauzo hiyo inamfunga mikono.

Nikisoma mwenyewe si ni bure?

Bure ya hela, siyo ya muda. Na siyo kila mwandishi anaweza. Jipime hivi: soma sura mbili mfululizo kwa sauti, kesho yake soma nyingine mbili, keshokutwa tena. Koo likiwa bado linafanya kazi siku ya tatu tuendelee kuongea. Riwaya ina watu, kuna mzee, kuna mtoto, kuna mama anayegomba huku analia, na msikilizaji anatakiwa ajue nani anaongea bila kuona alama za kufungua na kufunga semi. Vitabu vya ushauri na vya maisha ya mwandishi mwenyewe vinasamehe zaidi, watu wanataka sauti yako hata kama ina mikwaruzo.

Ukiamua, usianze kwa kununua maiki ya bei mbaya. Anza na chumba. Maiki nzuri kwenye chumba kibaya inarekodi ubaya kwa ufasaha zaidi, utasikia mwangwi wa ukuta, friji ya chumba cha pili, feni, ndege, jirani anaburuta kiti. Kabati la nguo lililojaa nguo ni studio kuliko sebule tupu, mi nilirekodi majaribio yangu nimekaa kwenye kigoda ndani ya kabati na blanketi nzito mlangoni, jasho linatiririka, nikitoka kila dakika ishirini kupumua. Laptopu iwe nje ya hapo kama feni yake inalia. Kaa upande kidogo wa maiki, siyo mbele kabisa, herufi p na b zisipige, na weka kile kichujio cha kitambaa mbele.

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa kwa kuanzia. Jifunze kurekodi kwa kurudi nyuma papo hapo: ukikosea unasimama, unarudi sekunde chache kabla ya kosa, unajisikiliza, unaingilia palepale na kuendelea, mwisho wa siku una faili moja lililo karibu kuwa safi badala ya lundo la makosa ya kukata usiku.

Na ule mdomo kulia "tak tak" ambao huusikii mpaka uvae hedifoni, kunywa maji mapema kabla ya kukaa, siyo ukiwa umeshakaa tu, acha maziwa siku hiyo, na uwe na vipande vya tufaha la kijani pembeni. Wasimulizi wengi wanatumia hilo tufaha, ule uchachu unakata mate mazito. Nilicheka nilipoambiwa, nikajaribu, sijacheka tena. Ila usirekodi na njaa, tumbo linaongea na maiki inasikia kila kitu. Nguo za kuchakachaka nazo, hapana.

Nampataje msimulizi anayefaa?

Toa kipande cha majaribio cha dakika tano na usitoe ukurasa wa kwanza. Toa sehemu yenye watu wawili wanaogombana, aya moja ya maelezo matupu ambayo hakuna kinachotokea, na kama kitabu kina kitu kigumu (kilio, kitanda, kifo) kiwepo hapo hapo. Mtu yeyote anaweza kusoma ugomvi vizuri, aya tupu ndo inamkamata.

Af usisikilize ukiwa umekaa mezani umefumba macho kama jaji. Sikiliza unapoosha vyombo, kwa hedifoni za kawaida, maana ndo watu wanavyosikiliza. Ukijikuta umesahau kwamba unafanya usaili, huyo huyo. Mi nilimwacha msimulizi mwenye sauti nzito ya kutetemesha dirisha nikamchukua dada mmoja mwenye sauti ya kawaida tu, kwa sababu yule wa kwanza kila baada ya dakika nilikuwa najisemea "ana sauti nzuri huyu" na nilikuwa nimesahau hadithi inaendaje.

Watu wanauliza kuhusu wasimulizi wawili. Kama kila mmoja ana sura zake, ni sawa, bei inapanda kidogo tu. Lakini kama wanajibizana mstari kwa mstari ndani ya sura moja, mwenye kuediti atalia, kila sentensi inashonwa kwa mkono. Usianze na hiyo.

Nimpe nini kabla hajaanza?

Maandishi ya mwisho kabisa, yaliyoshahaririwa. Siyo "karibu mwisho".

Na orodha ya wahusika, kila mmoja na umri, anaongeaje, anatoka wapi, na kitu chochote kuhusu sauti yake popote kilipo kwenye kitabu. Hapa ndo nilipolamba hasara yangu kubwa. Kwenye riwaya ya kwanza kuna mzee yupo kuanzia sura ya 2, anaongea sana, na mimi nilikuja kuandika kwenye sura ya 27 kwamba ana kigugumizi tangu utotoni, halafu hicho kigugumizi ndo kinafumbua nani alipiga ile simu ya usiku. Msimulizi alikuwa ameshasoma sura 26 mzee anatiririka kama mtangazaji wa redio. Akaniandikia ujumbe wa maneno matatu: "Mzee ana kigugumizi?" Nilirudia kusoma sura zote mwenyewe usiku ule nikihesabu mistari ya mzee, ilikuwa 143, na nililipia kila mmoja urekodiwe upya kwa sababu kosa lilikuwa langu. Msomaji wa maandishi hakugundua kwa sababu anasikia kichwani anachotaka, sikio halikusamehi hivyo.

Majina ya kigeni na maneno ya lahaja yarekodi kwa simu yako, umtumie. Usimwandikie maelezo ya namna ya kutamka, mtume sauti. Vilevile amueni mapema vitu vya macho: ujumbe wa simu wenye saa na tarehe utasomwaje, barua ya mwandiko, ukurasa wenye ramani, tanbihi. Kwenye kitabu changu cha tatu kulikuwa na mazungumzo ya simu ya kurasa nne kila mstari una saa yake, yakisomwa yote unataka kujirusha, tukaacha saa ya kwanza na ya mwisho tu.

Ile robo saa ya kwanza ni nini?

Ni dakika 15 za mwanzo ambazo msimulizi anazikamilisha na kukutumia kabla ya kuendelea. Kwenye ACX ni hatua rasmi, kwingine iandike mwenyewe kwenye mkataba. Hapo ndo mahali pa kusema kasi ni kubwa, huyu mtoto anasikika kama paka, jina fulani halitamkwi hivyo. Sema yote hapo. Ukikubali robo saa af ukaja kulalamika sura ya 20 kwamba hukupenda sauti ya shujaa, huna hoja, na huyo msimulizi atawaambia wenzake.

Wanasema faili langu halijafikia viwango. Viwango gani?

Maduka mengi yanataka vitu vinavyofanana na vya ACX: sauti kwa wastani iwe kati ya desibeli -23 na -18, kilele (pale sauti inapopanda juu kabisa) kisipite -3, na ukimya wa chumba (kelele inayobaki mtu akinyamaza) uwe chini ya -60. MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde au zaidi, kiwango hicho kisibadilike ndani ya faili, sampuli 44.1 kilohezi. Kila sura faili lake, na lisizidi dakika 120. Mwanzoni acha nusu sekunde mpaka sekunde moja ya ukimya, mwishoni sekunde 1 mpaka 5, na huo ukimya uwe wa chumba chako kweli, siyo ukimya wa kompyuta, sikio linashtuka sauti ikikatika kabisa. Utangulizi wa kutaja kitabu, mwandishi na msimulizi ni faili lake, na wa mwisho vilevile, na kionjo cha dakika moja mpaka tano.

Wengi wanakataliwa kwa ule ukimya wa -60. Na dawa siyo kubana sauti na programu ya kuondoa kelele mpaka msimulizi anasikika yuko ndani ya ndoo. Dawa ni kurudi kwenye chumba.

Makosa yakionekana baada ya kurekodi nani analipa?

Kosa la msimulizi (karuka neno, kakosea jina mliloelewana) anarekebisha bure. Ukibadilisha maandishi wewe, unalipa wewe. Muandikiane hivyo. Na kusikiliza usimwachie mtu mwingine peke yake, kaa na kitabu, fuata kwa kidole, andika dakika na sekunde za kila kosa kwenye jedwali moja umtumie mara moja, siyo ujumbe mmoja mmoja usiku wa manane.

Mkataba uwe na nini hasa?

Kwanza kabla ya mkataba wa msimulizi, fungua mkataba wako wa zamani. Kama kitabu kiliwahi kupita kwa mchapishaji, haki ya sauti ni haki inayojitegemea na huenda ulishamsainia mchapishaji bila kujua, imejificha kwenye kifungu cha "haki nyinginezo". Kama ipo kwao, omba irudishwe kwa maandishi kabla hujalipa mtu yeyote. Na kama ulinukuu mashairi ya wimbo ndani ya riwaya, ruhusa uliyopewa ya kuchapa siyo lazima ifike kwenye sauti. Mi niliufuta wimbo, nikaandika tu kwamba redio ilikuwa inaimba wimbo aliokuwa anaupenda marehemu, na sentensi ikawa bora kuliko mwanzo.

Kwenye mkataba wenyewe: bei kwa saa iliyokamilika na dakika zinahesabiwaje, tarehe, awamu za malipo, nani mmiliki wa sauti baada ya kulipa (wewe, iandikwe waziwazi), unapata mafaili ya ubora wa juu siyo MP3 tu, jina la msimulizi litaandikwa wapi, na nini kitatokea akiugua katikati, maana sauti haibadilishwi kama fundi wa bomba. Na siku hizi weka kifungu kwamba rekodi haitatumika kufundishia mashine wala kutengeneza sauti ya bandia ya msimulizi. Hii ni ya kumlinda yeye, na ukiiweka wewe kabla hajaomba utaona anavyokuchangamkia. Mwaka 2023 wasimulizi na waandishi waligombana na msambazaji mmoja kwa sababu kifungu cha namna hiyo kilikuwa kimelala ndani ya masharti na wengi hawakukisoma. Soma masharti ya kila mahali unapopandisha faili, yote, hata kama yanachosha.

Si nitumie tu sauti ya kompyuta?

Apple na Google wana huduma zao za kusomesha kitabu kwa mashine, Audible nao wanauza vitabu vya aina hiyo na wanavibandika alama kwamba ni sauti ya mashine. Kwa kitabu cha maelekezo ambacho kisingepata sauti kabisa, sina neno. Kwa riwaya, mashine haijui kwamba anayesema "sawa" hapo hajakubali. Na kitabu kinachosomwa na mashine kwa lugha isiyoijua vizuri, mkazo unaangukia silabi isiyo yake, dakika ya pili tu msikilizaji ameshatoka. Ukitumia, sema umetumia.

Niweke muziki?

Usiweke. Kama roho inakusukuma sana, sekunde chache mwanzo na mwisho, na uwe na leseni ya maandishi inayotaja kitabu cha sauti.

Jalada la kitabu linatosha?

Hapana, linatakiwa la mraba, pikseli 2400 kwa 2400 angalau. Usilinyooshe lile la zamani wala kuliwekea mistari myeusi pembeni, mlipe aliyelichora alipange upya, ni kazi ya saa moja kwake kama bado ana faili. Muulize pia kama leseni ya picha aliyotumia inaruhusu.

Kimekamilika, nakiuzaje?

Usikitoe kimyakimya ukasubiri. Kionjo ndo tangazo lako, kwa hiyo usikate dakika tano za kwanza kwa uvivu, kata pale ambapo mtu akikatizwa anakasirika. Muombe msimulizi atangaze kwa watu wake, ana wasikilizaji wanaomfuata yeye kitabu chochote asomacho. Maktaba zinalipa kwa namna mbili, kuna zinazonunua nakala na kuna zinazolipa kila mtu anapoazima, na hii ya pili ndogondogo imenishangaza, mwezi mwingine inazidi maduka. Spotify kwenye nchi kadhaa wanawapa wanaolipia saa 15 za vitabu kwa mwezi, kwa hiyo riwaya ya saa 9 inaingia yote na inabaki nafasi, ya saa 20 inakatika katikati ya utamu.

Na uza mwenyewe moja kwa moja kwa wasomaji wako, kuna huduma za kumpelekea mtu mafaili mpaka kwenye apu ya simu yake. Wachache watanunua hivyo, ila hao wachache nakala moja inakuingizia kama tatu za dukani, na unajua majina yao.

Mume wangu ana sauti nzuri sana, watu wote wanasema. Asome yeye?

Mpe sura ya 14, asome yote bila kusimama, wewe kaa chumba cha pili. Akimaliza muulize kama anazitaka hizo 31 zilizobaki.